Wasio na Ushago

Jina Kibra si la Kiswahili, si la Kimaasai, wala si la Kikuyu. Ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Konda wa matatu anayeliita stejini kila asubuhi anasema Kinubi bila kujua. Hata eneo bunge lilipoanzishwa kwa uchaguzi wa 2013, liliitwa Kibra, sio Kibera.

Mimi ni wa Kianda, upande wa magharibi wa mtaa huu. Wazazi wangu walitoka Siaya. Mama alituongelesha Dholuo, sisi tukamjibu kwa Kiswahili, na tukiwa wenyewe nje ilikuwa Sheng tupu. Kwa majirani Waluhya, Wakisii na Wakamba ilikuwa vilevile. Kizazi kimoja tu kutoka shamba, na mtoto tayari anamsalimia nyanya yake kwa kubahatisha. Lakini tembea mpaka Makina, sio mbali, na utasikia Kinubi kikiongewa na watu ambao mababu zao walifika hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Imekuwaje?

Kinubi kilizaliwa kambini. Katika karne ya 19, jeshi la Misri lilikusanya wanaume wa makabila mengi kusini mwa Sudan, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiarabu walichokitengeneza upya kinywani mwao. Uasi wa Mahdi ulipokata njia ya kurudi Khartoum, kikosi cha Emin Pasha kikabaki kusini. Mwaka wa 1891, Lugard aliwachukua waliosalia karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda. Wengi wakaishia katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902. Waliostaafu wakapewa makao msituni, nje kidogo ya Nairobi, na mwaka wa 1918 eka 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Walipewa mahali pa kukaa. Hati hawakupewa.

Msamiati wa Kinubi ni wa Kiarabu kwa sehemu kubwa, ila sarufi yake imekwenda njia yake. Maji, kwa Kinubi, ni moyo. Bernd Heine, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, alichapisha kitabu kizima juu ya Kinubi cha Kibera mwaka wa 1982. Shuleni hakikupata nafasi. Sera ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na kwenye mtaa wa mchanganyiko kama wetu, lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hiyo shule haikukiokoa Kinubi, kama ambavyo haikuiokoa Dholuo.

Naona tofauti iko hapa: sisi tulikuwa na ushago, wao hawakuwa nao. Wazazi wetu waliiacha lugha huko dala, kama mtu anavyomwachia ndugu ng'ombe wake amchungie. Tutaikuta Desemba, walijiambia. Mnubi hakuwa na basi la kupanda Desemba. Sudan ilikuwa hadithi ya mababu, na kwao ni Makina. Kama lugha haingesemwa jikoni na arusini pale pale, hapakuwa na mahali pengine ingesemwa.

Hilo lina gharama. Kwa sababu hawakuwa na kijiji cha asili cha kutaja, serikali iliwaona wageni, na vijana wao wakawekwa mbele ya kamati za kuwachuja kabla ya kupata kitambulisho. Mwaka wa 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia. Hati ya ardhi ilikuja 2017: eka 288, kati ya zile 4,197.

Siku hizi nawaza kuhusu Kianda yetu. Watoto wanaozaliwa sasa, wazazi wao pia walizaliwa hapa hapa. Nyanya wa mwanangu haishi Siaya. Anaishi plot ya pili kutoka kwangu. Maji anayaita pi. Mwanangu akitaka kulijua neno hilo, hakuna basi la Desemba litakalompeleka kwenye neno hilo. Ni kuvuka mtaro tu, aende akae na dani yake, na mimi nimwache akae huko mpaka giza liingie.