Binti wa Moshi na Watoto Wetu



Leo tunawaandikia kutoka Rau, hapa Moshi, tulikohamia na vyerehani vyetu kutoka kisiwani. Migomba imetuzunguka, Mto Rau unashuka kutoka mlimani, na hospitali ya KCMC haiko mbali. Tulikuwa tunaisikia kwa jina tu, mpaka mdogo wetu alipojifungua mtoto wa kike ambaye nyayo zake zimegeukia ndani.

Tuseme kweli, tulimficha. Tulimfunika miguu kwa kanga, wageni wakija tukasema amelala. Tuliogopa gharama, na tuliogopa jina la Kikristo la hospitali, tukidhani mtoto wa Kiislamu atatazamwa kwa jicho la pembeni. Jirani yetu wa Kichagga ndiye aliyetukemea: "Mtoto huyu anatibika. Mnamcheleweshea nini?"

Ndipo tukaanza kuuliza historia, nayo ikatuaibisha.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabika. Mwanamke hakuwemo. Lakini hapa hapa Moshi, mwaka 1940, alikuwa amezaliwa binti aliyekuja kuubadilisha mwenendo huo: Profesa Esther Mwaikambo. Alikwenda kusomea udaktari Moscow, akahitimu mwaka 1969, akarudi nyumbani akiwa daktari wa kwanza mwanamke wa Tanzania Bara. Katika fani zote, akabobea katika magonjwa ya watoto. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake.

Hili si jambo dogo. Nani anamleta mtoto hospitali? Ni mama, bibi, shangazi. Yapo mambo mama huyameza akiulizwa na mwanamume, na huyasema akiulizwa na mwanamke mwenzake. Mambo hayo ndiyo wakati mwingine humpa daktari njia ya kumtibu mtoto.

KCMC yenyewe ilifunguliwa mwaka 1971, ikawa hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Haikuishia kutibu, ilifundisha. Mwaka 1981 kilianza hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya kunyoosha viungo. Mwaka 1992 kikaanza kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na baadaye kikawa kinatengeneza mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Wanafunzi wa vyuo hivi wametoka nchi nyingi za Afrika, wa dini na rangi mbalimbali.

Sisi mafundi cherehani tunalielewa hili vizuri. Ukishona magauni 30 ya kipimo kimoja ukawagawia watoto 30, umewapa sawasawa lakini hukuwatendea haki. Mmoja litambana, mwingine ataliburura. Haki ni kumpima kila mtoto. Mwenye ualbino anahitaji mafuta, mwenye nyayo za kifundo anahitaji piopi, wa Pemba anahitaji nauli ya boti na basi kabla hajamwona daktari bingwa. Hapo bado kuna kazi kubwa, kwani mabingwa wengi wako mijini, na mama wa kijijini anahesabu shilingi.

Mtoto wetu alifungwa piopi, ikabadilishwa kila wiki, nyayo zikanyooka kidogo kidogo. Kisha akapewa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, vya kuvaa anapolala kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyetuuliza tunasali wapi. Leo anakimbia baina ya vyerehani vyetu, alhamdulillah, na anatupotezea sindano.

Wiki tulizomficha bado zinatuuma. Nyayo za kifundo hunyooka kwa wepesi zaidi zinapoanza kutibiwa mapema, mifupa ikiwa bado laini.

Basi dada zetu, msimfunike mtoto kwa kanga kwa kuona haya. Mpelekeni. Na binti akirudi skuli akisema anataka kuwa daktari, msimwambie hiyo ni kazi ya wanaume. Wazee wa Moshi nao wangeweza kumwambia hivyo Esther.