Mpelelezi Asiye na Cheo: Kutoka Unguja ya Bwana Msa Hadi Dar es Salaam ya Joram Kiango

Mshindi wa shindano la hadithi za Kiswahili lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958 alikuwa mwandishi wa habari kutoka Makunduchi, kusini mwa Unguja. Muhammed Said Abdulla alizaliwa huko mwaka 1918. Kabla ya kushika kalamu alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi ya kuingia majumbani kwa watu, kuchungulia yaliyofunikwa na kuuliza maswali ambayo mwenye nyumba hapendi kuyajibu. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akadumu nalo miaka kumi. Mtu aliyetuanzishia riwaya ya mauaji na upelelezi alikuwa akila mkate wake kwa habari za mashamba.

Hadithi iliyompa ushindi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kitabu mwaka 1960. Tajiri amekutwa maiti mahali panapoogopwa, penye mzimu wa wahenga, na jibu la kifo chake watu wanalo tayari: mzimu umekasirika. Anayekataa jibu hilo si polisi wala kadhi. Ni bwana mmoja mwenye kiko mdomoni, asiye na ofisi wala mshahara wa upelelezi, anayefuatana na rafiki yake Najum. Jina lake, Bwana Msa, limebeba herufi tatu za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe. Najum kazi yake ni kushangaa, na kuuliza yale ambayo msomaji angeyauliza lau angekuwapo.

Wahakiki hawakuchelewa kumtambua mjomba wa Bwana Msa. Kiko kile ni cha Sherlock Holmes, yule wa London aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887, na Najum ni Daktari Watson aliyevalishwa kanzu. Sawa, mkopo upo na haukufichwa. Ila ukivisoma vitabu vyenyewe taratibu utaona kwamba Holmes asingefika mbali pale Unguja. Holmes anasoma majivu ya sigara, tope la kiatu, mkunjo wa suruali. Bwana Msa naye anaangalia vitu, lakini fumbo lake mara nyingi halifunguki mpaka ijulikane nani alimwoa nani, mtoto fulani alilelewa na nani na kwa nini hakulelewa na mama yake, mali iliyoachwa na marehemu ilikuwa ya nani kabla haijawa yake. Upelelezi wake ni elimu ya nasaba. Mashahidi wake ni wazee wa barazani na akina bibi wanaokumbuka harusi ya miaka arobaini iliyopita na aliyesusa kuhudhuria.

Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo jambo hilo lilivyozidi kumteka. Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, bado kina harufu ya uchawi. Giningi katika masimulizi ya visiwani ndiko wachawi wanakokutana, na jina hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji wa Unguja aketi vizuri. Lakini katika Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), uzito umehamia kwenye watoto wasiojua asili yao, ndugu wasiojuana, na ndoa zilizofungwa juu ya siri. Maiti si lazima tena. Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza mengi visiwani, ila Bwana Msa hakuhama. Sehemu kubwa ya mikasa yake imebaki katika Unguja ya kabla ya hapo, Unguja ya watu wenye mashamba na watumishi. Nadhani mwandishi alijua kwamba mpelelezi wa aina hii hawezi kuishi mahali ambapo swali la mtoto wa nani halina wa kulijibu.

Mahali hapo palikuwapo, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 270,000. Ya mwaka 1988 ilikuta zaidi ya milioni 1.3, na ya mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Walitoka kila mkoa, na wengi wao walishukia katika nyumba ile inayojulikana na kila aliyewahi kupanga Kariakoo, Ilala au Magomeni: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, uani choo na jiko. Kila mlango na kufuli lake. Mpangaji wa chumba cha mbele kushoto anaitwa Baba Asha. Jina lake la kweli analijua mwenye nyumba, na wakati mwingine hata mwenye nyumba anachojua ni tarehe ya kodi tu. Akihama usiku, asubuhi chumba kimefagiliwa na mwingine anaingiza godoro. Mlete Bwana Msa pale mlangoni na kiko chake, aulize habari za babu yake Baba Asha. Wapangaji watamwonyesha njia ya kituo cha basi.

Kwa hiyo mji ulipoingia katika riwaya, mpelelezi alibadilishwa. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na jina la kitabu ndilo lililotangaza kwamba sasa tuko mjini. Simu wakati ule ilikuwa chombo cha maofisini na cha nyumba chache zenye uwezo; wasomaji wengi hawakuwahi kuinua mkono wake. Kwa kulea hofu, hakuna chombo kilichoizidi. Katika kijiji sauti ina uso wake, na ukiisikia nyuma ya ua unajua ni ya fulani. Sauti ya kwenye waya haina uso wala ukoo, na mauti yanaweza kupiga hodi bila mtu kuonekana mlangoni. Kitabu kilipendwa, kikachapwa tena na tena, na vijana waliokuwa shuleni enzi zile hadi leo ukiwatajia Inspekta Wingo wanatabasamu.

Inspekta! Tofauti na Bwana Msa iko hapo hapo kwenye cheo. Wingo ni askari, ana kituo, ana wa kuwatuma. Wengine husema Katalambulla aliiga tu filamu na riwaya za Kizungu, na mimi hilo silikatai, lakini halinitoshi. Abdulla alipoanza kuandika, polisi wa Unguja walikuwa wa serikali ya Mwingereza, na kumpa askari wa mkoloni sifa ya kuwatatulia wananchi mafumbo kungekuwa na walakini. Simu ya Kifo ilitoka miaka minne baada ya Uhuru wa Tanganyika. Inspekta mweusi, mwenye amri na akili, alikuwa fahari mpya, na msomaji alitaka kumwona kazini. Mpelelezi wa kujitolea akakosa kazi kwa sababu nchi ilikuwa imepata polisi wake.

Halafu kulikuwa na hofu kubwa zaidi ya mwizi na muuaji wa mtaani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi mjini. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi alichopelekewa kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Aliuawa pale pale, katika nyumba moja ya Oysterbay. Baada ya hapo mwandishi wa Dar es Salaam hakuwa na haja ya kumshawishi mtu yeyote kwamba mji una majasusi. Aristablus Elvis Musiba, mfanyabiashara, alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akafuatisha Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 na Njama mwaka 1981. Gamba ni mtu wa serikali mwili mzima: anavaa vizuri, anakunywa vizuri, anapiga risasi vizuri, na adui zake ni makaburu na vibaraka wao. Vitabu vile vinakimbia kweli kweli. Lakini mkazi wa nyumba ya vyumba sita ndani yake ni mpita njia tu, anayerukia mtaroni gari la Gamba linapokata kona.

Hapa nina shauri langu na waandishi wetu. Mji ule ule ulikuwa na mpelelezi wake asiye na cheo cha polisi, na walimpita kila siku wakienda kazini. Mjumbe wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU katikati ya miaka ya sitini, alitakiwa kujua nani amelala katika kila nyumba. Mgeni akifika alipaswa kupelekwa kwake. Yeye ndiye aliyeamua ugomvi wa maji na wa watoto, aliyejua nani ametoka usiku na nani amerudi na mzigo. Mjumbe mwenyewe mara nyingi alikuwa fundi cherehani, au mama muuza maandazi aliyeketi kibarazani kutwa nzima akiitazama barabara. Hakuna aliyekaribia zaidi kuwa Bwana Msa wa mjini: mahali pa nasaba, yeye ana habari za wapangaji. Lakini riwaya zilimpa kazi ya kusimama pembeni wakati polisi wanavunja mlango, na hata jina mara nyingine hakupewa. Walinzi wa sungusungu, walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya themanini kabla ya mtindo wao kuenea hadi mijini, nao hawakupata mwandishi wao.

Miaka hiyo ya themanini biashara yenyewe ya vitabu ilikuwa taabani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na East African Literature Bureau ikaenda nayo. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni, karatasi ikawa ya kutafutwa kama sukari. Waandishi wakajigeuza wachapishaji. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma wa mwaka 1958, alikuwa na Heko Publishers, na vitabu vya Hammie Rajab, Eddie Ganzel na wenzao vilisambaa kwa njia ambazo hakuna duka la vitabu lingezikubali: juu ya turubai kando ya barabara, mkononi mwa mchuuzi stendi, na zaidi ya yote kwa kuazimana. Kopi moja ilizunguka mtaa mzima mpaka jalada likaanguka. Kilichofuata kuanguka ni kurasa za mwisho, na katika riwaya ya upelelezi huo ni msiba. Msomaji alilazimika kumtafuta aliyekisoma kabla yake ili amsimulie muuaji ni nani, na msimulizi, akiwa mtu wa mjini, hakusimulia bure.

Ni katika dhiki hiyo ndipo mpelelezi wa kujitegemea alirudi. Joram Kiango wa Mtobwa hana mkataba na serikali. Anafanya upelelezi kwa sababu anautaka, anaishi Dar es Salaam, na Inspekta Kombora wa polisi anamhitaji kuliko anavyopenda kukiri. Kwangu mimi Kombora ndiye aliyeandikwa vizuri zaidi. Ni mtu mzima aliyechoka, anayejua kwamba kesi imemshinda na kwamba kijana yule asiye na nidhamu ataimaliza, kisha magazeti yatamwandika kijana. Katika miaka ambayo foleni ya mkate ilishuhudiwa na kila raia, na vyeo vilikuwa vingi kuliko bidhaa, msomaji alifurahi kumwona mtu asiye na cheo akifaulu pale ofisi iliposhindwa.

Joram ana kasoro zake. Ni mzuri mno wa sura, risasi zinamkwepa kwa adabu, na Nuru, mwenzake wa baadaye, amepewa uzuri mwingi na nafasi ndogo ya kutumia akili aliyonayo. Tutarudi na Roho Zetu?, ya mwaka 1987, inampeleka kwenye vita vya nchi nzima, na mtaa unasahaulika tena. Mtobwa alipoutaka mji wenyewe alimwacha Joram nyumbani. Dar es Salaam Usiku, ya mwaka 1990, inaingia kwenye baa na vyumba vya kupanga na kukaa na watu ambao katika vitabu vingine wangekuwa mashahidi wa ukurasa mmoja. Kitabu hicho ndicho kilichonifanya niamini kwamba angeweza, lau angetaka, kumpata mpelelezi wake palepale uani.

Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba miaka miwili baadaye. Kufikia hapo hadithi za visa zilikuwa zimekwisha kuhamia magazetini, katika kurasa za magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo, zikikatwa penye utamu ili ununue toleo lijalo. Kutoka magazetini zikaingia kwenye simu za mkononi, na sasa sehemu inayofuata unaipata ukitoa pesa kidogo kwa M-Pesa. Katika vitabu, Hussein Tuwa ameshika njia ambayo wazee waliiacha wazi. Anayekimbia katika Mkimbizi ni mwanamke aliyejikuta akijua mambo bila kuyatafuta: hana bastola ya serikali wala inspekta wa kumwitia, polisi hawamwamini na wahalifu wanamtaka. Ili apone inambidi achunguze, na wa kuwauliza ni hao hao watu wa mjini wasiofahamiana.