Kapteni wa Beni Alihitaji Maelezo Mangapi?



Vijana wanaocheza michezo ya intaneti wana ubishi mmoja ambao mtu mzima akiusikia kwa mara ya kwanza hucheka. Ipo michezo ambayo mchezaji hachezi kwa jina lake. Anabuni mtu mwingine, anampa jina, kabila, kazi na tabia, kisha anaingia mchezoni akisema na kutenda kama yule mtu, pamoja na wenzake walioko Mwanza, Nairobi au London ambao nao wamevaa nafsi za kubuni. Kabla ya kuanza huandika maelezo ya mhusika wake ili wengine wayasome. Ubishi ni juu ya urefu wa maelezo hayo. Wako wanaosema mistari mitatu yatosha. Wako wanaoandika kurasa kumi, kuanzia ugonjwa aliougua bibi wa mhusika mpaka kovu lililoko chini ya sikio la kushoto, na wanawanunia wenzao wasiosoma zote.

Nilipousikia ubishi huo nilidhani ni mambo ya wazungu. Kwa upande mmoja ndiyo. Mchezo uitwao Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974, ukichezwa mezani kwa karatasi na kete, na mhusika wake alianza na tarakimu sita tu: nguvu, akili, busara, uvumilivu, wepesi na mvuto. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, wakatengeneza mchezo wa namna hiyo ndani ya kompyuta, ambao watu wengi waliweza kuucheza kwa pamoja. Huko ndiko ilikotoka michezo ya leo. Lakini kuvaa nafsi ya mtu mwingine, ukampigia saluti mwenzako aliyevaa nafsi yake, mkawa na matawi mji hadi mji na barua zikapita kati yenu, hilo babu zetu walilifanya miaka mingi kabla ya Essex. Waliliita beni.

Tuanzie Mikese. Abiria wa basi kutoka Dar es Salaam huipita Mikese kama kilometa 30 hivi kabla ya kuingia Morogoro mjini, milima ya Uluguru ikiwa imekwisha kuonekana mbele, na wengi hawageuzi hata shingo. Reli ya Wajerumani ilipita hapo ikielekea Morogoro, ambako ilifika mwaka 1907. Waingereza walipouteka mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti, 1916, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kupitia milimani kuelekea Kisaki na mto Mgeta. Ili kulifuata, Waingereza walihitaji mahali pa kushushia mizigo kutoka kwenye reli na kuipeleka kusini. Mahali hapo palikuwa Mikese. Askari wa kutoka Nigeria walioteremka Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huo waliletwa kwa treni mpaka Mikese, kisha wakatembea kwa miguu kwenda Duthumi. Mvua za mwanzoni mwa 1917 ziliigeuza njia ile kuwa tope, magari yakakwama, na mzigo wote ukabaki vichwani mwa watu.

Watu hao ndio wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku bila kujua: Kariakoo. Wanahistoria wengi wanaokadiria waliokufa upande wa Waingereza katika vita ile ya Afrika Mashariki hutaja hesabu inayokaribia 100,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa.

Sasa angalia jinsi mpagazi alivyoandikwa. Jeshi lilikuwa na daftari. Humo mliingizwa jina lake, kabila lake, chifu wake na namba, na mpagazi akavishwa kisahani chenye namba hiyo. Karani aliyeandika mara nyingi hakuijua lugha ya aliyeandikwa. Jina la baba likawa jina la kijiji, jina la utani likawa jina kamili. Wapagazi wengine nao walitoa majina ya uongo kwa sababu zao, na nani atawalaumu? Vita vilipokwisha ikaonekana kuwa mishahara ya maelfu ya marehemu haiwezi kulipwa, kwa kuwa daftari halikuweza kusema marehemu huyu ni ndugu wa nani. Namba ilikuwapo. Kabila lilikuwapo. Kilichokosekana ni kile ambacho jirani yeyote wa marehemu angekutajia bila kufikiri: mkewe ni fulani, mjomba wake ni fulani, ukifika kisimani uliza. Fedha zikabaki serikalini na wajane wakabaki na masikitiko.

Hiyo ndiyo hali ya maandishi katika kambi za vita. Na ni katika kambi hizo hizo, kwa askari na wapagazi hao hao, ndimo beni ilimopata miguu ya kutembea bara zima.

Beni yenyewe ni neno la Kiingereza, "band", lililovikwa kanzu ya Kiswahili. Ilianza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za wazungu: ngoma kubwa, tarumbeta, kwata, mavazi ya kiaskari. Katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani yakatokea makundi mawili makubwa yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Kwa jumla Marini walijiona watu wa mji, makarani na wenye elimu, na Arinoti wakawa watu wa kazi ngumu na waliotoka bara. Vita vilipowachanganya watu, beni ikafuata njia za jeshi: ikafika Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, na Kongo. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975.

Ndani ya beni kila mtu alikuwa na cheo. Palikuwa na mfalme, gavana, jenerali, kapteni, daktari. Wanawake nao walikuwa na upande wao na vyeo vyao. Mchana mtu huyo alikuwa mpishi wa bwana mkubwa, au kuli wa bandarini, au mpagazi mwenye kisahani shingoni. Jioni alikuwa kapteni, na aliyekuwa chini yake alikaza mikono na kumpigia saluti.

Nauliza swali la vijana: kapteni huyo alihitaji maelezo mangapi? Cheo. Kofia au mkanda unaokionyesha cheo hicho. Tawi lake. Nani yuko juu yake na nani yuko chini yake. Basi. Hakuna aliyemtaka aeleze kapteni alizaliwa nchi gani, alisoma chuo gani cha vita, au kwa nini hapendi mvua. Lakini angalia yale machache yalivyofanya kazi. Akisafiri kwenda mji asioujua, wenzake wa tawi la huko walijua wampokee vipi, wamlaze wapi, wamketishe na nani. Akiugua, walijua nani wa kumwangalia. Akifa, kundi lilimzika. Ukiiweka habari hiyo kando ya daftari la Carrier Corps, utaona jambo ambalo kwangu mimi ndilo jibu. Daftari lilimweleza mtu lakini halikumfunga na mtu mwingine. Cheo cha beni hakikumweleza mtu hata kidogo, ila kilimfunga na wenzake kwa kamba nne au tano imara.

Kwa hiyo nikimsikia kijana akisema maelezo ya mhusika yawe marefu au yawe mafupi, naona anapima kwa kipimo kisichofaa. Aliyeandika kwamba mhusika wake anamdai mfanyabiashara wa soko la mji fedha ya ng'ombe wawili amewapa wenzake kazi ya kufanya: mmoja atakuwa mdaiwa, mwingine shahidi, wa tatu atanunua lile deni. Aliyeandika ukurasa mzima juu ya rangi ya macho na ndoto za utotoni amewapa wenzake kitu cha kusoma. Kusoma ni kuzuri, lakini walikuja kucheza.

Haina maana kwamba watu wa beni hawakuwahi kupita kiasi. Walipita sana. Marini wakishona sare mpya, Arinoti hawakulala. Karamu ikajibiwa kwa karamu kubwa zaidi, ng'ombe akajibiwa kwa ng'ombe wawili, na mishahara ya miezi ikaishia kwenye vifungo vya shaba. Wazee na wamisionari walilalamika kila mmoja kwa sababu zake. Mhusika aliyekuwa kofia na saluti akawa gharama, na mtu asiye na gharama hiyo akaachwa nyuma.

Halafu wako waliousoma mchezo kama si mchezo. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliliona jambo hili la ajabu: watu weusi wenye majenerali na magavana wao, matawi kila mji, na barua zinazovuka mipaka. Wakaanza kuulizana, je, hii si serikali ya siri? Hofu hiyo haikwisha upesi. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma na Waafrika 6 wakapigwa risasi na kufa huko Luanshya, tume iliyoundwa kuchunguza ghasia ilikijadili pia chama cha ngoma cha Mbeni. Ofisa alikitafuta katika cheo cha kapteni kitu ambacho hakikuandikwa, akakijaza mwenyewe. Mhusika mwenye maelezo machache ana hatari hiyo, nakubali: adui naye anaweza kumjazia.

Tukirudi kwenye milima yetu, Waluguru wana mfano ambao haukuwa mchezo hata kidogo. Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, lipo jina la Kingalu. Ni jina la kurithiwa: akifa mmoja, mwingine wa ukoo analitwaa, naye anakuwa Kingalu, pamoja na heshima na wajibu ulioambatana na jina hilo, hasa mambo ya mvua. Watu walijua wamwendee lini na kwa jambo gani. Mengine aliyaleta mwenyewe kwa hulka yake. Serikali ya Gavana Donald Cameron ilipoanza mwaka 1925 kutawala kwa kupitia machifu, iliwakuta Waluguru hawana chifu mmoja wa nchi nzima, wana koo na wakubwa wa koo. Ikalichukua jina la mvua na mengine kama hilo, ikayaandikia kazi mpya: kodi, baraza, amri za kilimo. Yalikuwa maelezo marefu kweli, na yameandikwa na mtu wa nje. Mwaka 1955 watu wa Matombo na jirani zao walipokataa kuchimba matuta ya ngazi, hasira yao haikuishia kwa mzungu peke yake. Iliwaangukia pia viongozi wa kienyeji waliobeba maelezo hayo mapya.

Wengi wenu mnaonisikiliza mnamkumbuka Mkwaju wa mchezo wa redio "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Dereva wa lori, mwenye wanawake njiani na mke nyumbani aitwaye Tunu. Waliomtunga walikuwa na mpango wa kina kumhusu, maana mchezo ule ulikusudiwa kufundisha habari za uzazi wa mpango na UKIMWI. Lakini msikilizaji hakusomewa mpango. Alisikia lori, alimsikia Tunu akilalama, akajua. Muda si mrefu mwanamume mhuni mtaani akaanza kuitwa Mkwaju, na aliyeitwa hivyo hakuhitaji kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba Mkwaju alikuwa na waandishi wa kumwendesha. Mhusika wa intaneti, kama kapteni wa beni, huendeshwa katikati ya wenzake, na kila mmoja wao ana haki ya kumshangaza.

Beni ilififia kadiri miaka ilivyopita, ingawa Unguja bado utaiona ikipita barabarani na tarumbeta zake wakati wa harusi. Watoto wake walikuwa wengi. Mmoja ni kalela, ngoma ya machimboni Zambia, ambayo mtaalamu Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwaka 1951, mji ule ule wa risasi za 1935. Makamanda wa zamani walikuwa wamekwisha kuondoka. Kundi la Wabisa alilolieleza lilibaki na mfalme aliyevaa suti na tai, daktari mwenye vazi jeupe na msalaba mwekundu, na mwanamke mmoja tu, muuguzi. Maelezo ya muuguzi yalikuwa vitu viwili mkononi, kioo na leso. Wachezaji wakitoka jasho, alimpitia mmoja mmoja katika mstari, akampa leso ajifute, akamshikia kioo ajitazame kama bado yuko nadhifu, kisha akaenda kwa anayefuata.