Usiku wa Bulghar na Neno la Msafiri

Sisi tukaao Pemba twaona usiku na mchana kuwa ndugu wawili waliolingana. Mchana ulio mrefu kupita yote katika mwaka haumpiti ulio mfupi kwa dakika 40. Lakini ziko nchi ambazo mtu afungua saumu yake, na kabla hajashiba vizuri alfajiri yamfikia. Mojawapo ni nchi ya Wabulghar wa kale, kando ya mto Volga, katika Urusi ya leo.

Mwaka 922 Ibn Fadlan alifika huko, naye ni mjumbe wa Khalifa wa Baghdad. Asimulia ya kuwa jioni moja aliingia hemani mwake pamoja na fundi wa nguo, mtu wa Baghdad, wakazungumza huku wakingoja adhana ya isha. Hata walipoisikia adhana wakatoka nje, kumbe kumepambazuka! Akamwuliza mwadhini ameadhini sala gani. Akajibu kuwa ni ya alfajiri. Ama isha, wao huisali pamoja na magharibi. Tena yule mwadhini alikuwa hakulala usiku muda wa mwezi mzima, kwa kuogopa sala ya asubuhi isimpite.

Ikapita miaka 400 na zaidi, akaja msafiri mwingine, ndiye Ibn Battuta, mtu wa Tangier. Huyu si mgeni kwetu, kwani mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa, kisha akaenda Kilwa. Yapata mwaka 1334 alikuwa katika kambi ya Sultani Muhammad Uzbek, mahali paitwapo Milima Mitano, kusini mwa Urusi. Asema aliomba kiongozi, akaenda Bulghar mwendo wa siku kumi ili auone ule usiku mfupi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Yeye na wenziwe walisali magharibi, wakafuturu. Wangali wakila, isha ikaadhiniwa. Wakasali isha na tarawehi na witri, mara alfajiri ikatokea. Akakaa siku tatu, akarudi.

Basi, msomaji, tupime. Toka Milima Mitano hata Bulghar ni zaidi ya maili 700 kwa mstari ulionyoka, mbali na mapindi ya njia. Nani aendaye hivyo kwa siku kumi, akarudi kambini na Ramadhani haijaisha? Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawaamini ya kuwa alifika. Wadhani habari za usiku ule alizisikia kwa wengine au alizisoma. Na kitabu chake kilimalizika mwaka 1355, miaka ishirini baadaye, yeye akisimulia na Ibn Juzayy akiandika.

Hapo ndipo jambo linapotugusa sisi. Ikiwa neno lake la Bulghar lina shaka, je, la Kilwa tulitupe? Hasha. Alimtaja Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman. Na jina la sultani huyo limeonekana katika maandishi ya jiwe yaliyofukuliwa Husuni Kubwa, na katika fedha za shaba alizopigisha. Jiwe halikusoma kitabu cha Ibn Battuta, wala halina haja ya kumpendeza mtu.

Tena hata habari ya Bulghar haikuwa uongo mtupu. Kaskazini kule, wakati wa kiangazi, jua halizami mbali chini ya upeo wa nchi, hata weupe wa jioni huungana na weupe wa alfajiri. Usiku ule ni wa kweli; safari ndiyo yenye shaka. Kumbe habari moja yaweza kubeba kweli na shaka pamoja, kama ungo ubebavyo mchele na chuya.

Na sisi tunayo yetu ya kupepeta. Wazee husimulia ya Mkame Ndume wa Pujini, jinsi alivyowalazimisha watu kuchukua mawe huku wakijikokota kwa matako. Mwanafunzi asiyadharau maneno hayo, wala asiyameze mazima. Na aende Pujini, aziangalie kuta, apime umbali, aulize nani aliyesimulia na aliyapata kwa nani. Kusikia si kuona. Lakini asiyesikia kwanza hatajua aende kuona wapi.