Nani Alikuruhusu Kujenga Bondeni?

Kila masika yanapokaribia, maswali ninayoletewa hubadilika. Mwezi wa Januari watu huniuliza mbegu ya mpunga na bei ya mbolea. Ikifika Machi wananiuliza kiwanja: "Bwana shamba, nimeonyeshwa pahala karibu na bonde, bei nafuu, sheha anamjua muuzaji. Ninunue?" Swali hili si la kilimo, lakini linaniangukia mimi kwa sababu bonde ni la mpunga kabla halijawa la nyumba. Leo nitalijibu kwa njia ndefu kidogo. Nataka tuone nani, hapa Unguja, alikuwa na sauti ya kusema "hapa pasijengwe", na sauti hiyo ilihama vipi kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Anza na majina. Wazee wetu hawakuacha ramani, wameacha majina ya mitaa. Darajani palikuwa na daraja. Ng'ambo ni ng'ambo ya maji. Kisiwandui ni kisiwa, ingawa leo ukipita pale huoni maji ila magari. Funguni ni fungu la mchanga. Mtoni, ambako Sayyid Said aliweka jumba lake na ambako Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844, ni penye mto kweli, na mwenyewe Bibi Salme ameueleza mto ule katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Ziwani ni ziwani. Na ukitoka mjini kwenda Fuoni, Kibondemzungu ni kibonde, na anayeitumia barabara ile wakati wa mvua kubwa hahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Ukiuziwa kiwanja pahala penye jina la namna hii, umeshapewa ripoti ya kwanza ya mtaalamu, tena bure.

Mji Mkongwe wenyewe ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini ukapita nyuma ya mji, ukiacha shingo nyembamba ya ardhi upande wa kusini. Maji yakijaa ulikuwa bahari, yakipwa ulikuwa tope. Mvua iliyoshuka kutoka miinuko ya Ng'ambo iliishia mle, na taka za mji ziliishia mle pia. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na 1870 kikaua watu wengi mno, daktari mmoja Mskoti aliyekuwa akifanya kazi hapa, James Christie, aliandika habari zake kwa kirefu katika kitabu kilichotoka London 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Ilikuwa kazi kubwa, lakini mkono wa bahari ulibaki palepale.

Waliouondoa ni serikali ya Waingereza. Walianza kujaza upande wa kusini, kule Mnazi Mmoja, mwanzoni mwa karne ya 20, na sehemu iliyobaki ikamalizwa miaka ya 1950. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1923, mpangaji miji H. V. Lanchester alitoa mpango wa kwanza wa mji wa Zanzibar. Mwaka 1925 likafunguliwa jumba la makumbusho la Beit el Amani pale Mnazi Mmoja. Barabara iliyopita juu ya ule mkono wa bahari kwa miaka mingi iliitwa kwa Kiingereza jina la hori lenyewe, na siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa.

Hapa nina neno langu. Watu wengi husema: mbona serikali ilijaza bahari na mji haukuzama? Kwa hiyo na mimi nijaze bonde langu kwa kifusi. Lakini serikali ilijaza kwa miaka kama 40, ikaacha sehemu kubwa kuwa viwanja vya michezo, bustani na barabara, na ikawa na uwezo wa kuchimba mitaro ya kupeleka maji baharini. Wewe unajaza kwa lori kumi za kifusi katika wiki moja, kisha unapandisha ukuta, na maji yako unampa jirani. Kazi hizo mbili zinafanana jina tu.

Sasa tutoke mjini. Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, ardhi ya kijiji ilikuwa chini ya wazee walioitwa watu wanne. Utaratibu huu umeandikwa vizuri na R. H. W. Pakenham, aliyetafiti ardhi ya Chwaka na kuchapisha 1947, na baadaye na John Middleton mwaka 1961, kwa hiyo si hadithi za barazani peke yake. Kiambo kilikuwa cha ukoo. Uwanda, ile ardhi ya mawe na vichaka, ulikuwa wa wote. Mgeni akitaka kuweka nyumba aliwaendea wazee. Mara nyingi aliruhusiwa kujenga, lakini kupanda miti ya kudumu lilikuwa jambo jingine, kwa sababu mnazi au muembe unakaa miaka, na mwenye mti huja akadai ardhi. Nyumba haikuogopewa hivyo, kwa kuwa ilikuwa ya miti na udongo.

Fikiria jambo hilo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna ukaguzi ambao leo hatunao. Nyumba ya miti na udongo ilipimwa na mvua yenyewe. Ukiiweka penye njia ya maji, masika ya kwanza inalainika chini, ya pili inainama. Unatoa milango yako, unatoa boriti zilizo nzima, unapanda juu hatua thelathini, unajenga tena kwa msaada wa jirani. Hasara ilikuwa wiki kadhaa za kazi. Kwa hiyo hata mzee akikosea kukuonyesha pahala, kosa lilirekebishika. Siku hizi tunajenga kwa matofali ya saruji, nondo na bati, kwa fedha za miaka kumi, pengine za mtoto aliye Maskati au Dubai. Nyumba kama hiyo haihami. Nyenzo zimebadilika kabisa, na namna ya kuchagua pahala imebaki ileile ya kuonyeshwa kwa kidole.

Ng'ambo mambo yalikuwa mengine tena. Kule mwenye nyumba wengi hakuwa mwenye ardhi. Ardhi ilikuwa ya matajiri wachache au ya wakfu, na aliyejenga alilipa kodi ya ardhi. Mpaka mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Mwenye ardhi alikuwa na faida kila banda jipya lilipoongezeka, pakavu au penye tope, kwa hiyo usitarajie yeye ndiye angesema hapa basi. Sheria ya mipango miji ikaja 1955, na mpango wa pili wa mji, wa Kendall, ukatoka 1958. Miaka sita baadaye yakaja Mapinduzi.

Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikawa ya serikali, na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu kwa ajili ya kilimo. Mjini ukaja mpango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki wa 1968, zikajengwa nyumba za Michenzani, kisha mpango wa Wachina wa 1982. Sitaki kuipita haraka hii habari ya eka tatu, maana ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa kilimo. Mashamba yale yalitolewa yalimwe. Kizazi cha pili kikagawana, cha tatu kikaanza kukata viwanja, kwanza juu penye minazi, na juu kulipojaa wakashuka. Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992 iliweka utaratibu wa haki ya matumizi na hati, lakini watu wengi waliendelea kuuziana kwa karatasi, mashahidi wawili na sahihi ya sheha. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Hao laki tatu walioongezeka wanahitaji pa kulala, nami siwalaumu.

Lakini elewa sahihi ya sheha ni nini. Sheha anashuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani. Hakupima maji. Kibali cha ujenzi kinatoka ofisi nyingine, na mambo ya mazingira yana sheria yake: ile ya 1996, iliyofuatiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015. Kwa hiyo leo tuna wakaguzi wengi kuliko wakati wowote, na bado mtu anaweza kumaliza msingi bila hata mmoja kufika pale miguu ikiwa tope. Wale watu wanne hawakujua kusoma ramani, ila walikuwa wanaishi pale. Nadhani hicho ndicho tulichopoteza, na ofisi mpya haitakirudisha peke yake. Kinarudi pale sheha anapoita wazee wa bonde na wakulima wake kabla ya kutia sahihi, na afisa wa mipango anapokuja kuwasikiliza. Masheha wanaofanya hivyo wapo, na si jambo gumu.

Na wakulima wenyewe ni wa kuulizwa, hasa kina mama, ambao ndio wengi wanaopanda na kupalilia mpunga mabondeni. Wao wanajua maji yanaingia wapi, yanakaa siku ngapi, yanatokea wapi. Kiwanja kimoja kikijazwa katikati ya mfereji wa bonde, mashamba ya juu yanageuka bwawa na ya chini yanakauka. Nimeona bonde ambalo nyumba tatu tu zilitosha kuwafukuza wakulima wote wa juu. Baada ya hapo wakulima nao wanauza, kwa sababu hawana tena cha kulima, na mtu wa mwisho kununua ndiye anayebeba maji yote.

Udongo nao una neno. Sote tunajua kichanga, kinongo na kinamo. Mpunga unapenda kinamo kwa sababu kinashika maji. Msingi wa nyumba unakichukia kwa sababu hiyohiyo: kinavimba masika, kinapasuka kiangazi, na ukuta juu yake unafuata. Karo la choo ndani ya kinamo halinywi. Linajaa, linafurika, na visima vya jirani ni vifupi. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kilitukumbusha kwamba habari za Christie hazijawa za kale kiasi tunachodhani. Kisha ipo tabia ya kisiwa chetu, kwamba maji mengine hayafiki baharini kwa juu. Mto Mwera, mkubwa kuliko yote Unguja, huishia kuzama ndani ya mawe. Mvua ikiwa nyingi kuliko uwezo wa mawe kumeza, maji husimama na kungoja. Ukijenga pale yanapongojea, yatangojea sebuleni kwako.

Wenzetu wa Dar es Salaam wamelipitia hili kwa uchungu. Bonde la Msimbazi lilitajwa kuwa ardhi ya hatari tangu mpango wa mji wa 1979. Watu wakajenga, wakapewa huduma, wakazaa na kuozesha humo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, walionusurika wengine wakahamishiwa Mabwepande, na miaka michache baadaye zikaja alama za X nyekundu na matingatinga. Kwetu mradi wa huduma za mijini uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2011 umechimba mitaro mikubwa, na pale ilipofika kumekuwa na nafuu. Lakini mtaro unachimbwa baada ya nyumba, kwa fedha za kukopa, na haufiki kila bonde.

Basi jibu la swali lako. Kabla ya kutoa hata arubuni, nenda pale katikati ya masika, mwezi wa Aprili au Mei, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Usiende na muuzaji. Tazama alama ya tope kwenye vigogo vya minazi na kuta za jirani, na tazama kama yanaota majani ya kinamasi. Chimba shimo la futi tatu, lilale usiku, ulitazame asubuhi: likiwa na maji, karo lako halitafanya kazi. Waulize wakulima watatu wa bonde lile, kila mmoja peke yake, maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote wanaoukumbuka. Muulize sheha hati ya eka ile ni ya nani na ilitolewa kwa matumizi gani, kisha peleka namba yake ofisi ya ardhi wilayani. Kibali cha ujenzi kiombe kabla ya tofali la kwanza, na uombe afisa aje kukagua wakati wa mvua, si Januari.

Na kama umeshajenga, usiongeze kifusi. Kaa na majirani wa juu na wa chini, mkubaliane njia moja ya maji yenye upana unaotosha, muiandike mbele ya sheha na kila mmoja abaki na nakala. Iachwe wazi, isipandwe kitu cha kudumu wala kuwekewa ukuta. Kazi ya kuisafisha ifanyike Februari, wakati ardhi bado kavu na majembe yanaingia.