Abidjan Mara Mbili

Baba yangu mdogo hajawahi kufika Abidjan wala hana mpango wa kufika, lakini ni mji anaouchukia kwa moyo wake wote. Ukilitaja jina hilo kwenye baraza yake pale Ujiji, hata kama unazungumzia kakao, atakukatisha: "Abidjan ile iliyotutoa mara mbili?" Kwa miaka mingi nilidhani ni chumvi zake tu. Mara moja niliijua, kama anavyoijua kila mtoto aliyelelewa na shabiki wa Simba. Ya pili sikuijua, na niliona aibu kumwuliza.

Nilikuja kuuliza nikiwa nimeanza shahada ya uzamili katika historia na sina mada. Nilikuwa nyumbani Kigoma kwa likizo, nikamwambia Baba Mdogo nafikiria kuandika kuhusu makombe ya daraja la pili ya klabu Afrika, yale ambayo si Klabu Bingwa. Mwalimu mmoja alikuwa ameshaniuliza, kwa upole, kama hiyo ni historia au ni michezo. Baba Mdogo hakuuliza hivyo. Alisema, "Basi anza na Vital'O."

Vital'O ni ya Bujumbura. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji aliyekulia Dar es Salaam huenda asilione kwa haraka. Sisi tupo mwisho wa reli. Treni ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo watu wametutazama kwa kufuata njia ya reli: Dar es Salaam kule mwanzoni, sisi huku mwishoni, zaidi ya kilomita 1,200 katikati. Lakini ukisimama Ujiji ukatazama maji, hesabu inabadilika. Ng'ambo ni Kongo. Juu kidogo kaskazini ni Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kiasi kwamba Mha akifungua redio ya Bujumbura hahitaji mkalimani. Baba Mdogo, aliyekuwa kijana wa kupakia dagaa na mawese kwenye maboti, alikuwa na timu mbili: Simba ya reli na Vital'O ya ziwa. Hakuona ajabu yoyote.

Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Kombe hilo lilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya timu zilizotwaa makombe ya nchi zao, wakati mabingwa wa ligi wakienda Klabu Bingwa. Timu ya mji ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ikawa inacheza fainali ya Afrika. Mpinzani alikuwa Africa Sports ya Abidjan. Bujumbura ikawa 1-1. Kule Abidjan, 4-0.

"Nilisikiliza mpaka la tatu," Baba Mdogo aliniambia. "La nne nilihadithiwa."

Mwaka huohuo CAF ilianzisha kombe la tatu, lililoitwa tu Kombe la CAF, kwa ajili ya timu zilizoshika nafasi ya pili kwenye ligi. Fainali yake ya kwanza, 1992, iliikutanisha Shooting Stars ya Nigeria na Villa ya Kampala. Sare ya 0-0 Kampala, kisha 3-0 Nigeria. Na mwaka uliofuata, 1993, Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo baada ya kuzitoa, miongoni mwa nyingine, El Harrach ya Algeria na Aviação ya Angola. Mpinzani alikuwa Stella. Ya Abidjan.

Nilipoziweka fainali hizo kwenye karatasi moja niliona kitu ambacho sijakikuta kimeandikwa popote, pengine kwa sababu wanaoandika historia ya soka letu huandika nchi moja moja. Katika miaka hiyo miwili, makombe hayo mawili ya chini yalikuwa na fainali nne. Tatu kati ya hizo zilikuwa na timu ya upande wetu: moja ya Burundi, moja ya Uganda, moja ya Tanzania. Zote tatu zilianza vizuri kwa sare. Zote tatu zilipoteza mchezo wa marudiano bila kupata bao. Nne, tatu, mbili.

Hiyo mbili ndiyo Watanzania wanayoikumbuka. Simba ilikuwa imeshatoka 0-0 Abidjan. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha, watu walidhani, na Novemba 1993 Uwanja wa Taifa (huu unaoitwa Uhuru sasa) ulijaa kwa ajili ya sherehe kuliko kwa ajili ya mpira. Golini alikuwa Mohamed Mwameja, mmoja wa makipa bora tuliowahi kuwa nao. Stella wakafunga mawili, wakachukua kombe, wakaondoka nalo.

Nimesoma na kusikia simulizi nyingi za siku ile, na karibu zote zinatoka Dar es Salaam: kimya cha uwanjani, watu wazima waliolia, lawama, uchawi, nani aliuza mechi. Siwezi kuzitumia nyingi kati ya hizo, maana kila kundi la mashabiki lina msaliti wake. Kigoma ilikuwa na mambo mengine kichwani. Tarehe 21 Oktoba 1993, wiki chache tu kabla ya fainali, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa katika jaribio la mapinduzi, na mauaji yakasambaa nchini mwake. Watu wakaanza kuvuka mpaka kuja Kigoma na Kagera, kwa miguu na kwa mitumbwi. Ilikuwa chini ya mwaka mmoja tangu Bujumbura isimame kwa ajili ya fainali.

Baba Mdogo anasema siku ya Simba na Stella walikusanyika kwenye redio moja, na miongoni mwao alikuwapo kijana aliyevuka kutoka Burundi mwezi huo. Walipofungwa bao la pili mwenye redio akaizima. Yule kijana, ambaye hakuwa amesema neno mchana kutwa, akasema kwa Kirundi kwamba hata sisi walitufunga hivihivi. Baba Mdogo hakumbuki jina lake. Nilimwuliza mara tatu, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kufanya, akanitazama kama nimemkosea adabu. "Mwanangu, walikuja watu wengi."

Kwa hiyo "sisi" ya Baba Mdogo, ile iliyotolewa mara mbili, si Tanzania. Ni ya watu wa ziwa. Sijui kitengo gani cha historia kinaweza kuibeba.

Si kwamba ukanda huu haujawahi kushinda. Gor Mahia ya Kenya ilitwaa Kombe la Washindi mwaka 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia: 2-2 Tunis, 1-1 Nairobi, mabao ya ugenini yakaamua. Liweke akilini hilo la mabao ya ugenini.

Mwaka 2004 CAF iliyaunganisha yale makombe mawili kuwa moja, Kombe la Shirikisho, na Hearts of Oak ya Ghana ikawa bingwa wa kwanza. Kwa miaka karibu ishirini kombe hili halikuwa na heshima kubwa kwetu. Kwa utaratibu wa wakati ule, timu iliyotolewa kwenye hatua za mwanzo za Klabu Bingwa iliangukia huko, na mitaani likapewa jina: kombe la luza. Msimu wa 2022/23 Yanga ilitolewa na Al-Hilal ya Sudan, ikaangukia Shirikisho, na mashabiki wa Simba wakacheka mpaka wakachoka. Halafu Yanga ikaanza kushinda. Iliitoa Club Africain kwa kushinda Tunis. Kwenye makundi iliifunga TP Mazembe nyumbani na ugenini, hiyo Mazembe iliyokuwa imelitwaa kombe hili mara mbili mfululizo, 2016 na 2017. Rais Samia akawa anatoa milioni 5 kwa kila bao, "goli la mama", na kicheko cha upande wa pili kikapungua.

Tarehe 28 Mei 2023 nilikuwa Mwanga, Kigoma, ndani ya kibanda umiza kilichojaa kiasi kwamba mlango ulibidi ubaki wazi. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu Stella, na klabu ya Tanzania ilikuwa tena kwenye fainali ya Afrika. Baba Mdogo ni Simba, na alikuja. Alisema amekuja kuangalia Wakongo: Fiston Mayele, Djuma Shabani, Bangala. Hakuwa anatania sana. Kwa mtu wa Ujiji, timu yenye Wakongo wengi namna ile inakuwa na kitu cha kwetu hata ikivaa kijani.

USM Alger ilitangulia. Mayele akasawazisha dakika ya 82, na kibanda kizima kikawa kitu kimoja kinachoruka. Dakika mbili baadaye Waalgeria wakafunga la pili. Baadaye tulisikia kwamba shabiki mmoja alifariki kwenye msongamano wa kuingia uwanjani Dar es Salaam. Tarehe 3 Juni, Algiers, Djuma Shabani akafunga kwa penalti mapema kabisa, Diarra akaokoa penalti, Yanga ikashinda 1-0 katika uwanja ambao wageni huwa hawashindi. Jumla 2-2. Mabao ya ugenini yakaamua, safari hii dhidi yetu.

Mayele alimaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano, mabao 7. Yanga ilipata dola milioni 1 za mshindi wa pili. Baba Mdogo alipata neno jipya la kuchukia.

Lakini ninapolifikiria kombe hili kutokea Kigoma, nafikiria zaidi mlango wake wa kuingilia. Klabu Bingwa inataka nafasi ya juu kwenye ligi, na ligi ni mbio ndefu zinazopendelea wenye fedha. Shirikisho lina mlango mwingine: kombe la ndani, mechi chache za mtoano, ambapo timu ndogo inahitaji jioni kadhaa za bahati. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya kombe hilo ililetwa kwetu, Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, na bao la Mganda Taddeo Lwanga likaipa Simba ushindi. Nakumbuka vumbi na bei ya vyumba vya wageni siku hiyo. Mlango ulikuwa kwetu, waliopita ni walewale. Msimu huo Tanzania ilikuwa na nafasi nne Afrika, na timu ya mji mwingine wa ziwani, Biashara United ya Musoma, ilicheza Shirikisho. Iliifunga Al-Ahli ya Tripoli 2-0 nyumbani. Kwenye marudiano haikufika Libya. Ndivyo safari yake ilivyoisha, hewani kabla ya hewa.

Sisi tuna Mashujaa. Ni timu ya jeshi, na kuna wanaosema timu ya jeshi si timu ya mji. Waulize wale waliokuwa uwanjani tarehe 9 Aprili 2024, Mashujaa ilipoitoa Simba kwa penalti 6-5 katika kombe hilohilo la ndani, baada ya sare ya 1-1. Haikuwa mara ya kwanza pia: Desemba 2018, ikiwa bado daraja la chini, iliifunga Simba 3-2 palepale Dar es Salaam, siku chache baada ya Simba kufuzu makundi ya Klabu Bingwa. Mashujaa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023. Hadi msimu wa 2024/25 ilikuwa haijacheza Afrika.

Mei 2025 zamu ya Simba ikafika. Kombe la luza lilikuwa limeshasahaulika jina lake. RS Berkane ya Morocco ilishinda 2-0 kwao, mabao yote ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano yalichezwa Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, kwa sababu nyasi za Benjamin Mkapa hazikuwaridhisha CAF. Joshua Mutale akafunga mapema. Kadi nyekundu, bao lililokataliwa na VAR, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Hilo lilikuwa kombe lao la tatu la Shirikisho, baada ya 2020 na 2022.

Nilimpigia Baba Mdogo usiku ule, nikijua hatalala.

"Hiyo Berkane," alisema, "ni mji mkubwa kiasi gani?"

Nikamweleza nilichokuwa nimesoma. Si Casablanca wala Rabat. Ni mji mdogo huko kaskazini mashariki, pembeni mwa nchi, karibu na mpaka wa Algeria. Unajulikana kwa machungwa. Nikaongeza, ili nisimdanganye, kwamba rais wa shirikisho la soka la Morocco, Fouzi Lekjaa, ni mzaliwa wa pale na aliwahi kuiongoza klabu hiyo.

Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha.

"Machungwa," alisema. "Pembeni mwa nchi."

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Mashujaa wanacheza lini?"