Maji ya Lufira, samaki wa Tshangalele

Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kazi Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, katika Katanga ya Kongo. Humo shaba iliyeyushwa katika asidi, kisha umeme ukapitishwa ndani ya maji hayo mpaka shaba safi ikaganda kwenye bamba. Kazi ya namna hiyo hula umeme usiku na mchana. Kwa hiyo kampuni ya madini ya Union Minière ikaufuata mto Lufira, mashariki ya mji, na mwaka 1930 mtambo wa Mwadingusha ukawashwa kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet. Nyuma ya bwawa maji yalitanda bondeni, likazaliwa ziwa Tshangalele.

Ziwa lililozaliwa kwa ajili ya shaba likawa riziki ya wavuvi. Samaki wake walikwenda sokoni Likasi. Lakini mto Panda, unaopita Likasi na kupokea maji machafu ya viwanda, humwaga maji yake upande huohuo wa ziwa. Shaba iliondoka kwa treni. Mabaki yake yalirudi ziwani.

Hapo ndipo watafiti walipoingia, na nafurahi kwamba hawakuingia peke yao. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilishirikiana na wenzake wa Ubelgiji, hasa Chuo Kikuu cha Leuven. Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, watoto wakiwemo. Matokeo yalitoka mwaka 2009: kobalti, metali inayopatikana pamoja na shaba, katika mkojo wa waishio karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Kisha wakauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: inaingia kwa njia gani? Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 walipima mboga, samaki, unga wa mahindi, maji, na hata vumbi la ndani ya nyumba. Kwa watoto, vumbi lilikuwa na mchango mkubwa. Mtoto hutambaa sakafuni na kutia mkono mdomoni.

Kwangu, huu ndio ushirikiano wenye maana. Mtaalamu wa maabara ya mbali hawezi kujua nani anakula nini kando ya ziwa bila kumwuliza mwenye chungu, na kwa lugha yake.

Siku hizi kobalti inatafutwa kwa betri za magari ya umeme, nishati inayosifiwa kuwa safi. Mtambo wa Mwadingusha nao umefufuliwa: shirika la umeme la SNEL na kampuni ya Ivanhoe, inayochimba shaba Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, waliweka mitambo sita mipya, na mwaka 2021 ikaunganishwa na gridi ikiwa na uwezo wa megawati 78.

Maji yanayoizungusha mitambo hiyo yanatoka Tshangalele, wanakotupa nyavu wavuvi.